Aliyevaa Mkanda

Nyemo Chilewa alikuwa na mimba ya miezi sita alipokwenda kliniki na mumewe kupima mkanda. Ilikuwa mimba yake ya pili, na tofauti na wanawake wengine waliojazana kwenye mabenchi siku ile, yeye hakuwa na wasiwasi. Wenzake walimtazama kwa wivu. Hawakumwonea wivu kwa uzuri wala kwa mavazi. Walimwonea wivu kwa sababu ya mwanamume aliyekaa ubavuni mwake.

Nehemia Senyagwa alijulikana nchi nzima. Zamani alikuwa mtangazaji wa mpira, mwenye sauti ya kumfanya msikilizaji auone uwanja akiwa jikoni kwake. Halafu mtoto wao wa kwanza, Wendo, alipozaliwa, Nehemia alikwenda redioni akasimulia jinsi alivyobeba uchungu wa mkewe tangu alfajiri mpaka mtoto akalia. Watu waliacha kazi wakasikiliza. Tangu hapo hakurudi tena kwenye mpira.

Kizazi chao ndicho kilichopitiwa na homa ya kiangazi utotoni. Walionusurika walikua wazima, wakasoma, wakaoa na kuolewa, lakini homa ile iliwaharibia kitu kimoja: miili yao haikupokea tena ganzi. Sindano ilichomwa, dawa ikaingia, na mtu akaendelea kuhisi kisu. Waliong'olewa meno, walioshonwa majeraha, waliojifungua, wote walihisi kila kitu. Ndipo ikaja mikanda pacha. Mmoja alifungwa mwenye maumivu, wa pili akafungwa mtu mwingine aliyekubali, na maumivu yakahama kutoka mwili huu kwenda ule. Hayakupungua wala hayakufutika. Yule wa pili aliitwa mbebaji, na akiuvua mkanda wake katikati ya safari, yote yalimrudia mwenye maumivu.

Wanawake walibebeana, dada kwa dada, mama kwa binti. Wanaume wengi walikataa, na waliojaribu waliuvua mkanda upesi wakasema mwanamume hakuumbiwa jambo lile. Nehemia ndiye aliyewanyang'anya kisingizio hicho. Sasa kulikuwa na muswada bungeni wa kumlazimisha kila baba abebe uchungu wa mwanamke aliyempa mimba, na shahidi mkuu alikuwa Nehemia. Hoja yake ilikuwa fupi: kama yeye ameweza, yeyote anaweza.

Daktari aliyewapokea aliitwa Marandu, mama wa makamo aliyehamia Dodoma karibuni kutoka Moshi. Alimpima Nyemo kwanza, akaridhika, kisha akamwambia Nehemia apande kitandani. Nehemia akasema hakuna haja, yeye ni mzoefu, tena anasubiriwa kwenye kikao. Daktari akamjibu kwa upole kwamba wazoefu ndio hasa wanaopimwa. Mtu aliyewahi kubeba mpaka mwisho, alieleza huku akivuta mashine, mwili wake hausahau. Ukimgusa kidogo tu kwa mkanda, tumbo hukaza lenyewe kabla maumivu hayajafika, kama mtu anavyofumba jicho akirushiwa mchanga. Kwa hiyo mkanda wake lazima upunguzwe nguvu, la sivyo utamtia degedege.

Nehemia alilala. Daktari akamfunga mkanda, akabonyeza. Tumbo lilitulia. Akaongeza, akabonyeza tena, akaweka kiganja chake juu ya kitovu na kusubiri. Hakukuwa na kitu.

Daktari alidhani mashine ina hitilafu. Akaufungua mkanda ule, akajifunga mwenyewe juu ya koti lake jeupe, akasema aliwahi kumbebea mdogo wake huko Moshi, hivyo atajua mara moja. Akabonyeza pale pale alipoanzia. Nyemo aliliona tumbo la yule mama likikaza ghafla, na mkono wake ukitafuta ukingo wa kitanda.

Aliuvua mkanda taratibu.

"Baba Wendo," alisema, "wewe hujawahi kubeba."

Nehemia alicheka, akasema miili ya wanaume ina tofauti zake. Daktari alijibu kwamba amewapima wanaume pia. Halafu alimtazama Nyemo usoni, na labda ndipo alipotambua alichokisema na mbele ya nani, kwa maana aliomba radhi akatoka, akaufunga mlango.

Wazo la kwanza la Nyemo lilikuwa kwamba daktari amekosea. Aligeuka kumwambia mumewe hivyo. Nehemia alikuwa akifunga vifungo vya shati, na kila kifungo alikipitisha kwenye tundu lisilo lake, akafungua, akakosea tena. Mtu yule alikuwa amesimama mbele ya maelfu bila kutetemeka. Hapo Nyemo akajua.

*

Gari lilikuwa likijiendesha, kwa hiyo Nehemia hakuwa na usukani wa kujificha nyuma yake. Alimweleza njiani, akiangalia mashamba ya zabibu yaliyopita dirishani.

Alisema aliuvaa mkanda kwa nia njema. Siku ile wabebaji waliwekwa kwenye chumba chao upande wa pili wa ukuta, ili kilio chao kisimtie mama hofu. Uchungu wa kwanza ulipomshika alidhani anakufa. Hakukumbuka jinsi alivyouvua mkanda. Alichokumbuka ni muuguzi akimwambia kwamba maumivu yatamrudia mkewe sasa hivi, na yeye akijibu kwamba hawezi. Kwenye korido alikuwepo Tusekile, rafiki wa Nyemo, aliyekuja na chupa ya uji. Tusekile aliisikia kauli ile. Akaweka chupa sakafuni, akavua viatu, akalala, akafungwa mkanda.

Nehemia alikwenda kukaa garini, kwenye maegesho. Alifungua redio ili asisikie chochote kutoka wodini. Alikaa humo mpaka mtoto akazaliwa.

Nyemo alikuwa anaikumbuka siku ile vizuri. Alikuwa ameongea na kucheka na mkunga, akala chungwa, akamhisi mwanawe akishuka kama uzito wenye joto, bila chochote cha kuogopa. Kila alipouliza habari za upande wa pili, mkunga alimjibu kwamba mbebaji anaendelea vizuri. Naye alishukuru. Hakuwahi kufikiria kwamba neno "mbebaji" lingeweza kumfaa mtu yeyote.

Tusekile Mwakibinga alikuwa rafiki yake tangu shule ya bweni. Ndiye aliyesimama naye siku ya harusi. Ndiye ambaye Wendo alimwita Mama Mdogo, na ndiye aliyekuwa akila nao kila Jumapili, kwenye meza moja, akimpitishia Nehemia mboga.

Nyemo hakulia wala hakupandisha sauti. Aliuliza jambo moja tu.

"Yale uliyoyasema redioni uliyatoa wapi?"

Jibu lilikuja gari lilipofika kwenye geti lao.

"Nilimuuliza yeye," alisema.

*

Kesho yake Nyemo alimkuta Tusekile kwenye nyumba za walimu, akipiga pasi. Tusekile alifundisha hesabu katika shule ya sekondari ya wasichana, na wanafunzi wake walimheshimu kwa sababu hakupenda maneno mengi. Alipomwona Nyemo mlangoni alichomoa pasi ukutani, akaisimamisha.

"Amekuambia," alisema.

Nyemo alikuwa amekuja na maneno aliyoyapanga, na yote yakampotea. Alijikuta akisema kwamba alikuwa na watu wawili duniani wa kuwageuzia mgongo bila hofu, na wote wawili wamekaa mezani kwake miaka yote hiyo wakijua. Tusekile hakubisha. Alimvutia kiti, Nyemo akakataa kukaa, na mwishoni akakaa kwa sababu ya mimba.

Tusekile alieleza kidogo kidogo. Alisema siku ile hakufikiri. Aliona tu kwamba mtu anaachiwa mzigo, na mtu huyo ni Nyemo. Alijiziba mdomo kwa kanga isije sauti yake ikajulikana kupitia ukutani, kwa kuwa Nyemo angeitambua. Alikusudia kumwambia akishapata nguvu. Lakini siku chache baadaye Nehemia alimwendea, akalia, akaomba amweleze uchungu ulikuwaje, ili ajue alichomkosesha mkewe na namna ya kumtunza. Tusekile alimhurumia akamweleza yote. Wiki iliyofuata aliyasikia redioni, neno kwa neno, yakisemwa na sauti ya Nehemia.

"Ningesema siku hiyo, ningekuvunjia nyumba ukiwa na mtoto mchanga," alisema. "Nikangoja. Na ukingoja sana jambo kama hilo, huna tena pa kuanzia."

Nyemo alimuuliza kama ndiyo sababu aliachana na Gwamaka, mchumba wake. Tusekile aliinamisha kichwa. Gwamaka alitaka watoto. Yeye alijua hawezi kupita njia ile mara ya pili, na hakuweza kumweleza kwa nini anaita ya pili.

"Kuna jingine," alisema. "Nikimshika Wendo, mwili wangu unaniambia ni wangu. Najua si wangu. Sijawahi kutaka awe wangu. Lakini mwili hauelewi, na mimi nimeishi nao hivyo hivyo."

Hilo ndilo lililomuuma Nyemo kuliko yote, na aliona haya kwa sababu lilimuuma. Uwongo wa mumewe aliweza kuuchukia waziwazi. Hili la Tusekile hakujua aliite nini. Alikuwa ametoa uchungu wake kwa hiari, akijua unakwenda kwa nani, kumbe ulikwenda kwingine na kujenga huko undugu na mwanawe ambao yeye, aliyemzaa, hakuupitia. Alitamani kumkumbatia yule mwanamke na alitamani asimwone tena.

Alisimama kuondoka. Tusekile akamshika mkono.

"Ya mumeo ukitaka kuyasema, yaseme popote. Ni haki yako. Ila mimi usinitaje. Hilo nakuomba."

Nyemo akasema amesikia. Baadaye alijiuliza mara nyingi kama kusema umesikia ni kuahidi.

*

Kamati ya Bunge ilikuwa imewaalika wote wawili, mume na mke. Nehemia angetoa ushahidi, Nyemo angethibitisha. Siku zilizotangulia hawakulala chumba kimoja. Nehemia hakuomba msamaha sana. Alikuwa mtu wa hoja, na alijua mkewe pia ni mtu wa hoja. Nyemo alikuwa mhandisi wa mitambo ya kuvuna maji hewani, kazi ambayo ndani yake ukidanganya kipimo, watu wanakosa maji.

Asubuhi moja alimfuata Nyemo jikoni akamwambia afikirie mwanamke wa Kondoa au wa Mpwapwa ambaye mumewe anakaa nje ya wodi akipiga soga. Kabla ya kisa chake, alisema, wanaume waliobeba walihesabika kwa vidole. Sasa wako wengi, na wote walianza kwa kumsikia yeye. Muswada ukipita, hakuna mwanamke atakayeachwa peke yake tena. Muswada ukianguka kwa sababu ya aibu ya mtu mmoja, wanawake ndio watakaolipa.

"Uwongo wangu umewasaidia wanawake kuliko ukweli wa wanaume wote," alisema. "Nihukumu mimi, usiwahukumu wao."

Nyemo aliona kwamba hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Alipima pia upande mwingine. Sheria ingemlazimisha kila mwanamume kwa ushahidi wa mtu mmoja aliyeweza, na mtu huyo hakuweza. Wangefungwa mikanda wanaume ambao wangeivua kama alivyoivua yeye, na mama angerudishiwa yote katikati, bila Tusekile kwenye korido. Mpaka siku ya kikao alikuwa hajaamua. Alivaa akasema moyoni kwamba atatamka sentensi moja, ya kweli, isiyomdhuru mtu: kwamba alijifungua salama bila kuumia. Hiyo haikuwa uwongo.

Ukumbi ulikuwa na baridi ya viyoyozi na watu wengi wamesimama nyuma. Mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Sikudhani Mbaruku, alimkaribisha Nehemia kwa heshima. Nehemia akaanza. Alisema vizuri, kama kawaida yake. Wabunge waliacha kuchezea simu zao. Alipofika katikati ya simulizi akashusha sauti.

"Ulikuwa kama mlango wa chuma wenye kutu," alisema, "unaofunguliwa ndani ya kiuno, na anayeufungua hana haraka."

Nyemo alikuwa amesikia sentensi ile mara nyingi redioni, na kila mara ilimfanya ampende mumewe upya. Siku ile aliisikia kwa mara ya kwanza kama ilivyokuwa. Hakuna aliyesema hivyo duniani isipokuwa Tusekile. Ule mpangilio wa maneno, ule ukavu, ile "hana haraka" ya mwalimu anayemngoja mwanafunzi ubaoni. Nehemia hakuwa amechukua habari tu. Alikuwa amechukua kinywa cha mtu, akakivaa, na alikuwa amekivaa hapa, mbele ya Nyemo, baada ya yote aliyokiri garini.

Zamu yake ilipofika alisimama, akashika meza.

"Mume wangu hakubeba," alisema. "Alivua mkanda mwanzoni, akaenda kukaa garini."

Aliendelea kwa utulivu mpaka akamaliza: chumba cha wabebaji, mkanda kuvuliwa, mtu mwingine kuuvaa, yeye kufichwa. Akasema hapingi muswada wala hauungi mkono. Anachotaka ni kwamba usitungwe juu ya jambo ambalo halikutokea. Alipokaa, Nehemia alikuwa akitazama mikono yake.

Mbunge mmoja aliyeupigania muswada tangu mwanzo, Mheshimiwa Ngasapa, aliomba nafasi. Alisema kwa sauti ya kusikitika kwamba kila nyumba ina magomvi yake, na kwamba si vizuri magomvi hayo kuletwa Bungeni kwa nguo ya ushahidi. Akauliza, kama kweli alikuwepo mtu mwingine, mtu huyo ni nani, na mbona hajulikani. Mtu asiye na jina, alisema, ni rahisi kumtunga.

Mwenyekiti alimgeukia Nyemo akamwambia wazi kwamba halazimiki kujibu.

Hilo ndilo ambalo Nyemo hakuweza kulisahau baadaye. Hakulazimishwa. Alikuwa amesema kweli kwa mara ya kwanza na macho yale yote yalikuwa yanamwona mwongo, na mumewe alikuwa ameanza kuinua kichwa. Alihitaji kuaminiwa.

"Tusekile Mwakibinga," alisema. "Ni mwalimu wa hesabu. Ni rafiki yangu."

*

Nehemia hakuangamia. Alijifungia ndani kwa siku chache, halafu akarudi kwenye redio ile ile, akakiri. Alilia hewani. Alisema aliogopa, kwamba wanaume hawafundishwi kukiri woga, na kwamba sasa yuko huru. Simu zilimiminika. Watu walisema inahitaji ushujaa kukiri namna ile. Haikupita miezi miwili alikuwa akialikwa kuzungumza tena, safari hii kuhusu woga. Nyemo alimwachia nyumba akahamia na Wendo karibu na kazini kwake, na alipomsikia kwenye redio ya jirani alifunga dirisha.

Muswada nao haukufa. Ulirekebishwa, ukapitishwa kwa haraka. Wanaume hawakulazimishwa tena; badala yake serikali ingeajiri wabebaji, watu wa hiari waliopimwa, wakae zamu kwenye kila wodi ya wazazi. Wengi waliona ni bora kuliko ule wa kwanza. Nyemo mwenyewe aliona hivyo.

Ila kila aliyetaka kueleza mbebaji ni mtu wa namna gani alimtaja Tusekile. Picha yake ya kitambulisho cha kazi ilisambaa. Wanawake wenye mimba walimfuata shuleni wakakaa kwenye geti na mama zao, wakimsihi awabebee, wengine wakipiga magoti mbele ya wanafunzi wake. Maofisa walimtaka awe mbebaji wa kwanza wa serikali. Gwamaka, ambaye alikuwa ameshaoa, alimpigia simu akitaka kujua kama ndiyo hiyo sababu. Na wapo walioandika mitandaoni kwamba Wendo ana mama wawili, wakauliza mahakama ingempa nani.

Nyemo alimpigia simu mara kadhaa bila kupokelewa. Siku moja Tusekile alikuja mwenyewe, akasimama uani, hakutaka kuingia ndani. Alikuwa amekonda. Nyemo alianza kusema kwamba hakuwa na njia nyingine, kwamba hawakuwa wakimwamini, kwamba ameteswa na jambo hilo. Tusekile alimngoja amalize.

"Uchungu ulikuwa wako," alisema. "Nikakubebea. Siri ilikuwa yangu, Nyemo. Hiyo ulitakiwa unibebee wewe."

"Nawe ulinificha," Nyemo alisema. "Miaka yote."

"Nilikuficha. Ningekuwa nimekutangaza, tungekuwa sawa."

Hakusema kwa hasira. Alisema amepata uhamisho kwenda Rungwe, kwao, na kwamba amekuja kumuaga Wendo. Mtoto alikuwa akicheza kwenye kivuli cha tangi la maji. Tusekile aliinama, akamshika mashavu, akamwambia asome sana. Nyemo aliuona mwili wote wa yule mwanamke ukijizuia. Kisha Tusekile alisimama, akajipangusa vumbi magotini, akaondoka bila kumpa Nyemo mkono.

*

Uchungu ulimshika Nyemo mchana, akiwa kazini, na wenzake ndio waliomfikisha hospitali. Nehemia alituma ujumbe kwamba safari hii yuko tayari kweli, na kwamba yuko njiani. Nyemo alimjibu amchukue Wendo kutoka shuleni, akae naye. Hakuandika zaidi.

Daktari Marandu alikuwa zamu. Hawakuwa wamezungumza tangu siku ile ya kliniki, na yule mama alimsalimia kwa namna ya mtu anayebeba kitu kinachoweza kumwagika. Alimpima, akasema njia inafunguka vizuri. Akamfunga mkanda wa mama. Akamweleza kwamba mbebaji wa zamu ameshaingia chumba cha pili, ameshalala, amepimwa leo hii, hana tatizo. Kinachongojwa ni idhini ya Nyemo tu, kwa sauti, mbele ya mashahidi.

Uchungu ulikuja, ukapita. Bado ulikuwa mdogo. Nyemo aliutazama ukuta uliopakwa rangi ya kijani. Ulikuwa ukuta mpya, mnene kuliko ule wa mara ya kwanza, na hakuna sauti iliyoweza kupenya.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

Daktari alisita. Alikuwa akivaa glavu mkononi, akaendelea kuivuta ingawa ilikuwa imeshaingia.

"Hatusemi," alijibu. "Sheria mpya imekataza. Mama haruhusiwi kumjua mbebaji wake, wala jina, wala sura. Kuna kifungu kimewekwa cha kuwalinda."

"Kuwalinda na nini?"

Daktari Marandu alimtazama, na katika kumtazama kule Nyemo akapata jibu. Hawakuhitaji ulinzi dhidi ya maumivu. Hayo waliyakubali wenyewe. Watu waliokaa wakaandika kifungu kile walikuwa na kisa kimoja vichwani mwao, na katika kisa hicho palikuwa na mwanamke aliyesimama kwenye ukumbi wenye baridi akaambiwa halazimiki kujibu.

Uchungu mwingine ulianza kujikusanya kiunoni, polepole. Mkunga alisogea karibu ili asikie idhini vizuri. Nyemo alipeleka mkono kwenye mkanda, akatafuta kifungo chake, akakivuta mpaka kikaachia.

"Mwambieni asante," alisema. "Aende nyumbani."

Daktari alianza kumweleza kwamba bado mapema, kwamba saa zijazo hazitakuwa kama hizi, kwamba hakuna dawa. Nyemo alitikisa kichwa kuonyesha kwamba anajua, ingawa hakujua. Hakuwahi kujua. Halafu ukaja, mlango wa chuma wenye kutu, na aliyekuwa akiufungua hakuwa na haraka, na Nyemo Chilewa akaufungua mdomo wake wazi, bila kanga, akalia kwa sauti iliyojaza wodi nzima.